Mafuta Kwenye Bunduki ya Nabintu

Nabintu,

Sikuulizi kama u mzima. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kuagana na wanakwaya wenzako, umeufunga mlango kwa nguvu mpaka sufuria zikaitika, kwa hiyo afya yako naijua. Mimi nimebaki jikoni na sombe yako, yale majani ya mihogo, motoni. Baba yako yuko nje anakagua matairi ya gari kwa sababu kesho asubuhi ndiye atakayekupeleka chuoni Columbus. Alishayakagua jana. Nimemwambia akague tena.

Mambo ya koti la baridi, ya kula, ya kupiga simu na ya kanisa Jumapili, nimemwachia yeye akuambie njiani. Ana safari ndefu na maneno machache, yatamtosha. Mimi nataka kukuandikia juu ya ile bunduki. Usikunje uso. Sitaki kukukataza kitu, muda wa kukataza umepita na nilishindwa.

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo mbele yako yanatoka maswali tu. Ulikuwa wapi, mbona simu ilizimwa, aliyekuleta ni nani, na gari lile ni la nani. Baba yako anasema ningezaliwa mwanaume ningekuwa afisa wa forodha pale mpakani Ruzizi, nafungua mizigo ya watu kutwa. Anadhani ananitania. Mimi naona ingekuwa kazi nzuri.

Ndiyo, ni mtu wa kushuku, sikatai. Nashuku mizani ya duka. Nashuku barua zenye picha za watu wanaocheka. Nashuku mtu anayeomba akiwa amefumbua jicho moja, na unajua nimejuaje kwamba amelifumbua. Huyo Mama Njeri wa Clintonville, huko huko Columbus, atakayekupa chumba, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki na kazi ya ofisi, naye nimeshamshuku kwenye simu. Ni mkarimu mno kwa mtu ambaye hajatuona. Nilimuuliza kama ana kijana wa kiume pale nyumbani, akacheka, akasema ana paka. Kicheko kile bado sijamaliza kukifikiria.

Bon. Bunduki ilianzia Louisville. Ulikuwa mdogo bado, lakini Kiingereza chako kilikuwa kimeshatuacha nyuma mimi na baba yako. Baba yako mdogo Pascal, aliyetutangulia Amerika, ndiye aliyekuwa akitufundisha kila kitu, jinsi ya kulipa umeme, jinsi ya kusimama kwenye foleni, jinsi ya kumwambia muzungu hapana bila kumkasirisha. Jumamosi moja alikuchukua, eti mnaenda kuona farasi kwenye shamba la mwenzake wa kazini. Jioni nikaona picha kwenye simu yake. Farasi hakuna. Uko wewe, na nywele nilizokusuka kwa mikono yangu, umelala kifudifudi kwenye majani na shavu lako liko juu ya kitako cha bunduki. Na unacheka.

Nilimvamia Pascal kwa maneno mpaka majirani wakafungua madirisha. Akakimbilia gari lake, akarudi na risasi moja kwenye kiganja ili niione. Ilikuwa ndogo, fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Akanieleza kwamba baruti ya kuiwasha imewekwa kwenye ukingo wa kitako chake, pini ikigonga ukingo ndipo inalia, na kwamba hapa watoto wanajifunzia hiyo kwa sababu haina kishindo wala haisukumi bega. Alisema ni ya kutoboa makopo tu, shemeji, ya mazoezi. Nikamwambia kwamba kaka yangu hakuchukuliwa kwa sababu ya kishindo. Pascal habari hiyo aliijua, akairudisha risasi mfukoni.

Donc, basi tukahama. Watu tuliwaambia kwamba baba yako amepata kazi ya ghala kule Cheektowaga, na tukapata nyumba hii ya Riverside, hapa Buffalo, na vyote viwili vilikuwa kweli. Lakini maghala hata Louisville yalikuwepo. Mimi nilikuwa namkimbiza mtoto wangu kutoka kwa Pascal.

Hujawahi kuniuliza sababu, na mimi sikuwahi kukuambia vizuri. Unajua tu kwamba nilikuwa na kaka, Bahati, na kwamba jina lake likitajwa natoka chumbani. Leo sitoki.

Nilikuwa na umri kama wako wa sasa, tuko Bukavu. Rafiki wa baba yangu alikuja nyumbani na gunia la mihogo mikavu, akaomba limkalie pale siku chache. Alikuwa mtu wa kula naye sahani moja. Mama yangu alilisogeza lile gunia ili afagie, akamwambia baba kwamba ni zito, mihogo haina uzito huo. Baba alikasirika. Alisema kufungua mzigo wa rafiki ni kumvua nguo mbele ya watu, na kwamba nyumbani kwake haitatokea. Gunia likabaki limefungwa.

Wanajeshi walipokuja hawakupekua nyumba. Walienda moja kwa moja kwenye gunia, wakamwaga mihogo, na chini yake bunduki. Baba hakuwepo. Aliyewafungulia mlango ni kaka Bahati, kwa hiyo wakamchukua yeye. Hatujamwona tena. Na yule rafiki hatukumwona tena pia, na mpaka leo sijui kama alitusaliti au naye alichukuliwa. Baba yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuwahi kulitaja lile gunia hata mara moja.

Mimi nikajiapia kwamba mbele yangu hakitafungwa kitu tena. Ndiyo maana nilipekua mkoba wako wa shule. Ndiyo maana nilinusa nguo zako kabla ya kuzifua, na nikajifunza namba ya kufungulia simu yako kwa kukutazama kidole. Ulijua. Ulibadilisha namba, nikajifunza nyingine.

Kisha ukaingia sekondari hapa Buffalo, ukaanza kuchelewa kila Alhamisi. Ulikuwa unarudi na harufu kama ya kiberiti kilichozimwa, na mstari mwekundu shavuni. Nikasema harufu ni ya kitu anachovuta, mstari ni wa mvulana. Kesi nilikuwa nimeshaihukumu kabla ya kupakua chakula. Uliniambia ni mchezo tu wa klabu. Nikajiuliza ni mchezo gani hauna mpira, hauna jasho, na mtoto anaurudia nyumbani ametulia kuliko alivyotoka.

Nikaazima gari la Mama Shukuru, yule anayeongoza maombi ya akina mama kanisani, nikakufuata. Ulishuka basi, ukaingia kwenye jengo la matofali ambalo upande wa chini halina hata dirisha. Nilikaa ndani ya gari nikaona wanaume wazee wakiingia na masanduku marefu. Nikaona wasichana wa umri wako wamevaa makoti magumu ya turubai, wanatembea wima bila kukunja kiuno. Nikajua. Nikasema, kumbe hata huku wanachukua watoto kuwafanya wanajeshi.

Niliingia mbio. Kuna ngazi ya kushuka, unaijua. Nilipofika ngazi ya katikati nikasikia ule mlio, mkavu, mdogo, kama mtu anavunja vijiti vya kuwashia moto. Nakuambia ukweli, Nabintu, nilishika ukuta. Mtoto wangu alikuwa chini pale na mimi sikuweza kushuka. Nikarudi kwenye gari nikalia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Ulipotoka ulikuwa unacheka na mzee mmoja aliyekubebea sanduku, ndiye huyo Kocha Walt wenu, mstaafu wa posta. Alikuja kunipa mkono. Mimi nikaangalia viatu vyake, kwa sababu maneno mtu anayapanga lakini viatu vinasema alikotoka. Vilikuwa na udongo wa bustani na kipande cha jani la nyanya. Bado sikumwamini. Njiani nilikutukana kwa Kiswahili, ukanijibu kwa Kiingereza, na kila mmoja akamaliza safari akiwa na lugha yake.

Baba yako ndiye aliyeamua. Unajua hasemi mara nyingi, akisema imekwisha. Alisema mtoto amepata kitu anachokiweza, na kwamba yeye ameenda kuwaona, akakaa, akaangalia, hakuna siri. Nikamwambia kama hakuna siri, mbona wanapigia chini ya ardhi? Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Ulipofikisha miaka kumi na minane Pascal akaja kutoka Louisville na ile bunduki yako mwenyewe, ya shabaha, nzito, kitako cha mbao, ya kupakia risasi moja moja. Nikaweka sharti langu: ufunguo wa kufuli la sanduku nakaa nao mimi. Ukakubali haraka mno, nikashuku na hilo. Lakini ulikuwa na sharti lako. Kila utakaporudi na bunduki, kabla hujaifungia, utanionyesha. Utavuta lile komeo la chuma nyuma, mlango wa risasi utakuwa wazi, na mimi nitaangalia ndani nihakikishe. Ulisema bunduki haiaminiwi hata kama umeitoa risasi mwenyewe dakika ileile, kwamba jicho la pili lazima lione na mdomo wa pili useme nimeona.

Kila mara ulikuja na kusimama pale kwenye mlango wa chumba changu, mtutu umeelekea chini. "Mama, angalia. Iko tupu."

Na kila mara niligeuza uso. Nilikunyooshea ufunguo nikiangalia ukuta. Nilikuambia weka kitu chako, mimi sina haja. Mimi, Nabintu, niliyepekua hadi soksi zako, kitu kimoja ulichonifungulia kwa hiari yako nilikataa kukitazama.

Unakumbuka siku ile nilipokukuta sebuleni umelala kwenye mkeka, bunduki tupu mkononi, umelenga kidoti ulichobandika ukutani, unafanya mazoezi ya kuvuta pumzi? Niliangusha sahani. Ulidhani nimechukia juu ya mkeka. Bukavu sisi tulilala chini vilevile, mama yangu akitukandamiza vichwa, ili risasi zipite juu. Sikujua kwamba mtu anaweza kulala hivyo akiwa ametulia. Ningekuambia siku ile badala ya kukufokea juu ya vipande vya sahani, tungeokoa mengi.

Sasa nifike kwenye mafuta. Jambo lenyewe unalijua, ulilijua kule kule mnakopigia, kabla sijapanda ngazi kurudi juu. Usichokijua ni ndani yake.

Ilikuwa Ijumaa ya majira ya kuchipua. Kesho yake kocha wa Columbus alikuwa anakuja kukuona ukipiga, na kama angekupenda ungepata nafasi chuoni na ada ingepungua. Wewe ulikuwa huli. Mimi nilikuwa na woga wangu mwingine: nilikuwa naogopa ushinde. Nikampigia Mama Shukuru. Akaja na akina mama wenzake wawili mchana, wewe uko shule, baba yako kazini. Nikafungua sanduku, tukalaza bunduki juu ya meza ya chakula, kwenye kile kitambaa cheupe cha Krismasi. Tuliimba. Tuliomba mpaka nikatokwa jasho. Kisha Mama Shukuru akatoa chupa ya mafuta ya zeituni aliyoiombea wiki nzima. Wenzake wakapaka mbao. Yeye akasema ubaya wa kitu hiki hauko kwenye mbao, uko kwenye tundu.

Aliyevuta komeo ni mimi. Nilikuwa nageuza uso kila siku, lakini kwa pembe ya jicho nilikuwa nimekuona, mkono wangu ukajua. Mama Shukuru akamimina. Akamimina kwa imani, na imani yake si haba. Tukapangusa nje vizuri kabisa, nikafunga kufuli, nikaweka ufunguo kifuani. Usiku ule nililala usingizi mzuri.

Kesho yake nikamwambia baba yako naenda nanyi. Ulifurahi, niliona, ingawa ulijifanya unatafuta glavu. Safari hii nilishuka ngazi mpaka chini. Nilisimama nyuma ya kile kioo cha watazamaji, na kwa mara ya kwanza nikaona mnachokifanya kabla ya kupiga.

Kila mtu anafungua komeo. Anaweka kile kibendera cha plastiki cha rangi ya chungwa mahali pa risasi, ili ionekane kwa mbali kwamba hapana kitu. Halafu anakuja mwingine anaangalia, na anasema ameona. Nilitazama wakikaguana mmoja mmoja. Kocha Walt mwenyewe, ambaye mikono yake inatetemeka kwa uzee, alikaguliwa na kasichana kenye waya za meno. Nilisubiri akasirike. Kwetu mzee wa namna ile angeuliza, wewe mtoto unanishuku mimi? Yeye alishukuru, akaenda zake. Nikamwangalia mtu baada ya mtu nikitafuta aliyenuna. Hakuwepo.

Kisha ukafungua sanduku lako kwa ufunguo niliokupa asubuhi. Ulivuta komeo, likaja polepole. Uliinama ukaangalia. Uliingiza kidole cha mwisho, ukakitoa kinang'aa. Ukanusa. Halafu ukainua kichwa, ukanitafuta mimi nyuma ya kioo.

Kabla sijaona aibu niliona hasira, na hilo ndilo ninalotaka ulijue. Nilijiambia: bunduki ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku lina kufuli, ufunguo nakaa nao mimi peke yangu. Kwa nini alikagua? Anamkagua mama yake? Nilikuwa nimekasirika kwa sauti ya baba yangu, kwa maneno yale yale ya siku ya gunia. Nilipolitambua hilo nilitafuta kiti nikakaa.

Baba yako alinitafsiria yaliyofuata. Kocha Walt alikuuliza kumetokea nini, ukasema kosa ni lako, kwamba uliisafisha hukuikausha. Wenzako walikuwa wanapiga. Wewe ulikuwa unasukuma kitambaa ndani ya mtutu, kinatoka cha manjano, unasukuma kingine. Ulipoanza, muda ulikuwa umekwenda. Risasi yako ya kwanza ikakataa kulia. Mimi ningeitikisa, ningeifungua nione ina nini. Wewe uliacha mtutu umeelekea kwenye shabaha, ukatulia tu, ukasubiri kama kanuni yenu inavyotaka, kwa sababu risasi iliyokataa inaweza kubadilisha mawazo. Niliona midomo yako inahesabu. Machozi yalikuwa yanashuka na mikono haikusogea.

Tukiwa tunatoka Kocha Walt alimvuta baba yako pembeni. Kwenye gari baba yako akanieleza kwa sauti ya chini, wewe umelala nyuma au unajifanya umelala. Ungepakia bila kuangalia, mafuta yale yakiwa yamejaa kwenye mtutu, chuma kingeweza kupasuka hapo hapo ulipoweka shavu. Alisema hivyo akaendelea kuendesha. Hakuniuliza ufunguo anakaa nao nani.

Wewe pia hukuuliza. Jioni ile uliisafisha tena mpaka mikono ikanuka dawa. Ukaja mlangoni, macho yamevimba. "Mama, angalia. Iko tupu."

Nikageuza uso. Safari ile sikugeuza kwa chuki, niligeuza kwa aibu, lakini wewe ungejuaje? Uso uliogeuka ni uleule. Ulisubiri kidogo, ukaenda. Kocha wa Columbus akakuita tena mwezi uliofuata, ukapata nafasi kwa mkono wako mwenyewe, tukachinja kuku, Pascal akapiga simu akilia. Mimi nikacheza kuliko wote. Mafuta sikuyataja.

Nimelifikiria sana tangu siku ile, nikiosha vyombo, nikiwageuza wazee wangu vitandani kule kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baba yangu hakumshuku mtu, tukampoteza kaka. Mimi nikamshuku kila mtu, na kidogo nikupoteze wewe. Nilimshuku Pascal. Nilimshuku mzee wa watu mwenye nyanya zake. Nilimshuku mvulana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Chupa ya mafuta sikuishuku kwa sababu imeombewa. Mkono wangu sikuushuku kwa sababu ni mkono wa mama. Na ninyi kule chini ya ardhi mnashuku chuma, mnashuku kidole, mnashuku kumbukumbu zenu wenyewe, halafu mnakunywa soda pamoja.

Usidhani nimebadilika. Columbus ni mji mgeni na watu ni watu. Yeyote akikuomba umtunzie begi, lifungue mbele yake, na umwambie kwa nini. Akinuna, mrudishie. Lakini na wewe ukiombwa ufungue, fungua, usiwe na kiburi cha babu yako. Na mtu ukiwa na shaka naye, muulize usoni. Usiazime gari ukamfuata nyuma. Mimi nilikufuata miaka, Nabintu, na yote niliyoyataka ungeniambia siku moja kama ningeuliza nikanyamaza nisikilize jibu.

Jambo moja tu linaninyima raha kuhusu kesho. Msichana mweusi na baba yake mweusi, barabarani, na sanduku refu nyuma ya gari. Kuna watu watakaowashuku ninyi, na hao hawana kibendera cha chungwa, hawasemi nionyeshe kwanza. Mkisimamishwa na polisi, mwache baba yako aseme, mikono yenu ionekane, na lile sanduku asiliguse mtu mpaka waulize. Hili nimelisema. Nitakaa na simu mkononi mpaka mfike, na usiniambie nisikae nayo.

Mama Shukuru alileta chupa nyingine jana, ya safari. Nimempokea vizuri, nimemshukuru. Iko kabatini, nitakaangia samaki.

Ufunguo uko ndani ya bahasha hii. Utaona umefungwa kwenye uzi, ndio niliokuwa nauvaa shingoni, uzi unaweza kuutupa. Pascal anatoka Louisville kuwasubiri Columbus mchana, na kocha wako mpya ana kabati la chuma, kwa hiyo mimi sina kazi tena. Ila moja.

Kesho asubuhi, kabla hujaniaga, kabla ya baba yako kuanza kupiga honi, fungua sanduku. Vuta komeo. Njoo pale mlangoni pangu usimame kama ulivyokuwa unasimama, mtutu chini, useme yale maneno yako. Najua utakuwa na haraka. Najua pia unaweza kuwa umechoka kuyasema, na ukipita moja kwa moja mpaka kwenye gari sitakulaumu.

Lakini ukija, nitawasha taa. Nitavaa miwani. Nitainama niangalie ndani, niingize kidole changu, ninuse kama ulivyonusa wewe. Halafu nitakuangalia wewe, na nitasema kwa mdomo wangu, kwa sauti ambayo hata baba yako kule nje ataisikia, kwamba nimeona.

Mama yako